Nyinyoro ya Moto Katika Vilima vya Shimba

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Kwale kwa feri huvuka kwanza maji ya Likoni. Feri ikisha kumfikisha ng'ambo, hupanda matatu na kushika barabara ya kusini, minazi huku na huku, miembe na mikorosho katikati, mpaka afike Kombani. Hapo barabara yagawanyika. Moja yaendelea Ukunda na Lunga Lunga hata mpaka wa Tanzania. Nyingine yageuka mkono wa kulia na kuanza kupanda. Joto la pwani hupungua kidogo kidogo, na mtu akitazama nyuma penye uwazi huiona bahari imelala chini kama nguo ya samawi iliyoanikwa.

Vilima vya Shimba si virefu kama milima ya Taita, wala havilingani hata kidogo na milima ya bara. Walakini vimesimama karibu na bahari bila ya kitu cha kuvikinga, na kwa hiyo hukamata mawingu yatokayo baharini. Asubuhi nyingi huwa na ukungu, na mvua yake ni nyingi kuliko ile ya nchi kavu ya Kinango iliyo upande wa pili. Mwaka 1968 sehemu kubwa ya vilima hivi ilifanywa hifadhi ya wanyama, na watu huja kutoka mbali kumtazama palahala, yule mnyama mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia, ambaye katika Kenya nzima haonekani porini ila hapa. Wachache ndio wanaojua ya kwamba vilima hivi vina utajiri mwingine usiokimbia mtu akiukaribia. Wataalamu wa mimea wamehesabu humo mimea ya namna zaidi ya elfu moja.

Mimi sikupanda kwa ajili ya palahala. Nilikwenda mwishoni mwa Novemba kumwona dada yangu, ambaye ameolewa na mkulima mmoja wa vijiji vinavyopakana na msitu. Na kwa kuwa mvua za vuli zilikuwa zimekwisha kunyesha wiki kadhaa, nilijua ya kwamba nitakuta maua njiani. Basi niliteremka Kwale mjini, nikaagana na utingo, nikaenda kwa miguu sehemu iliyobaki. Karani akaaye mezani mwaka mzima hupata faida akitembea maili chache.

Kabla sijaendelea yafaa niseme neno juu ya jina. Wasomaji wa Biblia wanalijua neno nyinyoro, maana limo katika Wimbo Ulio Bora. Watu wa pwani hawakulipata neno hilo katika kitabu. Kwao nyinyoro ni mmea wa mwitu wenye tunguu chini ya ardhi, utoao ua zuri mvua zinapoanza. Ama yale maua ya nchi za Ulaya na Asia ambayo wataalamu huyaita kwa jina la Lilium, hayaoti yenyewe katika nchi zetu hata mahali pamoja. Ukiyaona Nairobi au Limuru, yamepandwa. Na yungiyungi la majini, lenye ua la samawi au jeupe, si ndugu wa nyinyoro hata kidogo, ijapokuwa Waingereza huwapa wote jina moja. Basi tusipotezwe na majina. Mmea hutambuliwa kwa viungo vyake, kama vile ng'ombe atambuliwavyo kwa alama yake hata akiwa katika zizi la mtu mwingine.

Nyinyoro ya kwanza niliyoikuta ilikuwa chini ya miti, mahali penye kivuli na majani makavu yaliyooza. Hii wengi wanaijua. Hutoa bua moja nene lenye madoadoa, na juu yake tufe jekundu kubwa kuliko ngumi za mtu mbili zilizoshikana. Ukilitazama kwa haraka utadhani ni ua moja, lakini sivyo. Ni maua madogo mengi sana, pengine mia na zaidi, kila moja limesimama juu ya kikonyo chake, na nyuzi zake zimetokeza nje kama miiba ya nungunungu. Mara nyingi ua hutangulia kutoka kabla ya majani. Wataalamu huiita Scadoxus multiflorus.

Ya pili ilikuwa penye nyasi wazi, katika bonde dogo lililotuama maji. Hii ni ya jamii ya Crinum. Majani yake ni marefu kama mikanda, yametoka yote chini katika tunguu kubwa, na juu ya bua maua machache makubwa meupe, kila jani la ua lina mstari wa rangi ya waridi katikati. Harufu yake huzidi jioni, maana wageni wake ni nondo warukao usiku.

Nilichuma ua moja la kila namna, nikayapasua kwa wembe. Jambo nililolitaka kuliona ni moja tu: kile kifuko cha mbegu, ambacho baadaye huwa tunda, kiko wapi? Katika nyinyoro hizi mbili kiko chini ya ua, yaani majani ya ua yameota juu ya kichwa chake. Msomaji alikumbuke jambo hili dogo, maana kwalo wataalamu huzitenga hizi mbili mbali na ile nyinyoro ya tatu ambayo ndiyo sababu ya makala hii.

Nilifika kwa dada yangu jua likielekea kushuka. Tuliamkiana, nikamshikia miguu mama mkwe wake, nikaletewa kiti na maji. Lakini niliona mara ile kwamba nyumba haikutulia. Mvua za masika mwaka ule zilikuwa haba, mahindi yalitoka machache, na mihogo waliyokuwa wameibakiza ililiwa na nguruwe mwitu. Kwa hiyo tangu Oktoba watu wa upande ule walikuwa wakichimba viazi vya mwitu vichakani. Siku ile mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na mitano, alikwenda peke yake kufyeka ukingo wa shamba ulio karibu na msitu, akarudi na kikapu kilichojaa nusu. Kikapu kilikuwa jikoni mbele ya dada yangu, sufuria ilikuwa motoni, naye alikuwa ameshika kisu wala hamenyi.

"Kaka," aliniambia, "wewe ni msomaji wa vitabu. Hebu tazama. Hivi navijua, lakini hivi sijapata kuviona."

Nilitazama. Vingi katika kikapu vilikuwa viazi vikuu vya mwitu, virefu, vimejaa udongo na vijizizi. Lakini katikati yake vilikuwamo vingine vichache vya sura ngeni: vyembamba kama kidole gumba, ngozi laini ya rangi ya kahawia, na kila kimoja kilikuwa na mikono miwili iliyokutana kwa pembe, ncha zimechongoka. Nilikata kimoja. Ndani kilikuwa cheupe, kizuri, chenye maji. Mtu mwenye njaa angesema ni chakula.

Mpwa wangu alikasirika kidogo, maana alikuwa amefanya kazi toka asubuhi. "Mjomba, vyote nimevitoa mahali pamoja. Kama kimoja ni kiazi, vyote ni viazi."

Bibi yake alimwunga mkono. Alisema kwamba katika njaa za zamani watu walikula vitu vigumu kuliko hivyo, na kwamba dawa ni kuchemsha na kumwaga maji mara tatu. Shemeji naye alitoa shauri la kumpa mbuzi kwanza. Kila mmoja alikuwa na sababu. Yako kweli mazizi ya mwituni ambayo wazee wetu walijua kuyatoa sumu kwa kuyaloweka katika maji siku nyingi, na bibi yule hakusema upuzi. Lakini dawa ya mzizi mmoja si dawa ya mzizi mwingine, na kabla ya kujua dawa ni lazima kujua mzizi wenyewe.

Nilisema, "Shemeji, bado kuna nusu saa ya mwanga. Twende tukaone vimetoka chini ya mti gani."

Tulikwenda watatu, kijana akitangulia na panga. Ukingo ulikuwa umefyekwa vizuri, na mashimo yalikuwa wazi, lakini mimea yenyewe ilikuwa imekatwa na kutupwa chungu moja. Hapo ndipo elimu ya mimea huwa kazi, maana vitabu hupenda kumwonyesha mtu ua lililochanua, na shambani mtu hukuta jani lililokatika.

Tulichambua chungu ile. Shina la kiazi kikuu tulilipata kwanza. Lilikuwa limejisokota kuzunguka kijiti, kama kamba isukwavyo, na hivyo ndivyo kiazi kikuu kipandavyo: shina lenyewe ndilo lijizungushalo. Jani lake lilikuwa na umbo la moyo, mishipa mikubwa kadhaa imetoka penye kikonyo na kuachana, na baina yao mishipa midogo imefumwa kama wavu.

Kisha kijana akavuta shina jingine. Hili lilikuwa jembamba, laini, la kijani, wala halikujisokota po pote. Walakini halikutaka kutoka. Lilikuwa limeshikwa na vijiti pande zote. Nilimwambia asivute. Tulisogea tukatazama ni nini kilicholishika. Ilikuwa ni majani yenyewe. Kila jani lilikuwa refu na jembamba kama ncha ya mkuki, mishipa yake imekwenda sawasawa toka mwanzo hata mwisho kama mistari ya daftari, na ncha yake ilikuwa imerefuka kuwa kidole chembamba kilichojikunja. Kidole hicho ndicho kilichokamata kijiti. Mmea huu haupandi kwa shina. Hupanda kwa ncha za majani yake, kama mtu apandaye mnazi kwa vidole tu.

Niliwaambia kwamba mimea ya namna hiyo katika nchi yetu ni michache sana, nami nilikwisha kudhani ni upi. Lakini dhana si ushahidi. Tulizunguka ukingo, na hatua kama ishirini mbele, juu ya kichaka cha miiba ambacho panga halikukigusa, tuliliona ua.

Sijui kama naweza kulieleza. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya Kinango, na ua lile lilikuwa kama moto uliowashwa juu ya kijiti. Shemeji, ambaye ameishi hapo miaka yake yote, alisema, "Hili nimeliona kila mwaka, wala sikuuliza lina mzizi gani."

Nitalieleza kwa utaratibu, maana msomaji huenda akalikuta kwake. Halioti Kwale tu, bali huonekana pwani, na bara pia katika vichaka na kingo za misitu. Ua huinamisha uso wake chini, lakini majani yake sita yamegeuka na kuelekea juu, kila moja lina urefu wa inchi mbili au tatu au zaidi, jembamba, na mara nyingi kingo zake zimefanya mawimbi. Tumba ni la kijani. Likifunguka, chini huwa manjano na juu jekundu. Na siku zikipita wekundu hushuka mpaka ua zima likawa jekundu kabla ya kunyauka. Kwa hiyo mmea mmoja waweza kuwa na maua ya rangi tatu kwa wakati mmoja, na mtu asidhani ni mimea mbalimbali. Kwa ajili ya mambo kama haya, na kwa kuwa mimea ya mahali mbalimbali hutofautiana rangi na ukubwa, wataalamu wa zamani waliupa majina mengi, kama vile simplex na virescens. Siku hizi majina hayo yote yamekusanywa chini ya moja, Gloriosa superba, ambalo Linnaeus wa Sweden aliliandika katika mwaka 1753. Maneno hayo ya Kilatini maana yake ni utukufu na fahari. Mimi katika makala hii naiita nyinyoro ya moto.

Katikati ya ua zimetoka nyuzi sita zilizotandazwa nje kama mirija ya gurudumu la baiskeli, na juu ya kila uzi kifuko cha chavua kilicholala kukingama. Na hapo penye kitovu kuna alama ambayo, kwa maoni yangu, yatosha yenyewe peke yake. Mrija wa kike hausimami wima kama katika maua mengine. Umevunjika upande mara moja kwa pembe, karibu kama pembe ya ukuta wa nyumba, ukaenda mlalo hata nje ya duara ya nyuzi, na mwishoni una ncha tatu. Kipepeo ajaye kunywa huzigusa nyuzi kwa mbawa zake upande huu, na mrija upande ule.

Nilimwonyesha mpwa wangu kifuko cha mbegu. Katika zile nyinyoro mbili nilizozipasua njiani kilikuwa chini ya ua. Katika hii kiko ndani, juu ya mahali majani ya ua yalipoanzia, kijani, kina vyumba vitatu. Baadaye hukua kuwa ganda la inchi mbili au tatu, hukauka na kupasuka sehemu tatu, na ndani mbegu nyekundu za mviringo zimejipanga kama shanga. Mbegu hizo huwavutia watoto, nazo zina sumu kama mzizi.

Shemeji akapiga jembe chini ya shina lile, pole pole. Kikatoka kiazi cha mikono miwili.

Hapo hapakuwa na maneno zaidi. Tulirudi, na njiani niliwaeleza niliyoyasoma juu ya sumu yake. Inaitwa kolchisini. Mtu aliyekula huhisi kinywa na koo vikimwasha au kufa ganzi, lakini ubaya wenyewe hauji upesi. Pengine saa kadhaa hupita, naye amekwisha kulala akidhani amepona. Kisha huja kichefuchefu, kutapika na kuharisha, hata kuharisha damu, na baada ya siku moja au mbili sumu hushika figo, moyo na damu yenyewe. Aliyeokoka, baada ya wiki moja au mbili nywele zake huanguka. Katika Sri Lanka na India, ambako mmea huu huota vile vile, vifo vingi vimeandikwa vya watu waliokula mzizi wake wakidhani ni kiazi. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, na jambo hilo nilimwambia mama mkwe kwa adabu, nikisema kwamba njia yake yafaa kwa mizizi mingine. Alinitazama kitambo, akajibu, "Basi mwanangu, wewe uliona mmea wake. Mimi niliona mzizi tu." Nadhani hakuna mtaalamu angeweza kusema vizuri zaidi.

Ama shauri la mbuzi, halikuwa zuri. Mifugo pia hufa kwa mmea huu. Na kwa kuwa sumu hukawia, mbuzi angeonekana mzima saa ya chakula, watu wangekula, na wote wangeugua usiku mmoja. Ikiwa mtu ameula, asingojee dalili. Apelekwe hospitali mara moja, na kipande cha mzizi au jani kichukuliwe pamoja naye, ili daktari ajue anapigana na adui gani.

Ni ajabu ya dunia kwamba sumu hii hii ni dawa. Madaktari huwapa wagonjwa wa jongo kolchisini kwa vipimo vidogo sana, na tofauti baina ya kipimo kiponyacho na kile kiuacho ni ndogo, kwa hiyo mtu asijaribu nyumbani. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitoa mara ya kwanza mwaka 1820 katika mmea mwingine wa Ulaya ulio jamii moja na huu. Mwaka 1937 Mmarekani Blakeslee alionyesha kwamba kolchisini yaweza kuzidisha maradufu zile nyuzi za urithi zilizomo katika chembe za mimea, na kwa njia hiyo wataalamu wa kilimo wamepata mimea mipya. Tikiti maji lisilo na mbegu, ambalo mkulima huliona sokoni na kustaajabu, asili yake ni kazi hiyo. Huko Tamil Nadu, kusini mwa India, ambako nyinyoro ya moto ndiyo ua la jimbo, wako wakulima waipandao shambani na kuziuza mbegu zake kwa watengenezaji wa dawa. Sisemi wakulima wa Kwale waige, maana ni kilimo cha kazi nyingi na soko lake liko mbali. Nasema tu kwamba kile tulichokifyeka bila kukitazama, wengine hukipalilia.

Na kwa kuwa nimetaja fahari, nikumbushe jambo moja ambalo wazee wa Nyeri watalipenda. Zimbabwe imeifanya nyinyoro hii ua la taifa. Mwaka 1947, nchi hiyo ilipokuwa bado Rhodesia ya Kusini, watoto wa shule walichanga fedha, ukanunuliwa mkufu wa kifuani wa almasi wenye umbo la ua hili, akapewa Binti Mfalme Elizabeth alipotimiza miaka 21. Mwezi wa Februari 1952 alikuwa Kenya, huko Sagana, habari ya kufa kwa baba yake ilipomfikia. Alirudi London akiwa Malkia, na juu ya nguo zake nyeusi alivaa pambo lile.

Usiku ule sikulala kabla ya kulihifadhi ua. Kazi hii ni rahisi, na mkulima ye yote aweza kuifanya akitaka kujua jina la mmea wa shamba lake. Chukua tawi lenye ua, majani, na kama yawezekana tunda. Lilaze katikati ya kurasa za gazeti kuukuu, ulitandaze vizuri ili upande wa juu na wa chini wa jani vionekane, kisha lifinye chini ya ubao wenye mawe. Badili gazeti kila siku mpaka mmea ukauke. Katika kipande cha karatasi andika mahali, tarehe, urefu wa mmea, na rangi ya ua kabla halijakauka, maana rangi ndiyo ya kwanza kupotea. Wengi huandika jina walilodhani na kusahau mahali. Heri kufanya kinyume. Katika Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi kuna hazina ya mimea iliyokaushwa namna hii, ambayo ilianzishwa Amani katika mwaka 1902 ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kwa kutumia hazina hiyo na nyingine za Uingereza, wataalamu waliandika vitabu vya mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1952, na cha mwisho mwaka 2012. Miaka sitini! Mtu asione haya kusumbuka nusu saa kwa ajili ya jani moja.

Asubuhi yake Shemeji alitaka kwenda na jembe kung'oa kila nyinyoro ya moto iliyo ukingoni. Nilimpinga kidogo. Iliyo ndani ya shamba na njia ya mifugo, sawa, ing'olewe, na vipande vyote viokotwe, kwa kuwa kipande kilichobaki chaweza kuchipua. Lakini iliyo msituni haimdhuru mtu aijuaye. Tulikubaliana nusu kwa nusu. Aliacha ile ya juu ya kichaka cha miiba ili watoto waonyeshwe kila mwaka inapochanua. Naye mpwa wangu ndiye aliyepewa kazi ya kuwaonyesha.

Nimesahau kueleza habari ya kile cha sita. Tulipomimina kikapu jikoni jioni ile kuchagua, viazi vyenye mikono miwili vilikuwa vitano, nacho kile tulichokichimba ukingoni tulikuwa tumekizika huko huko. Dada yangu alikuwa karibu kuvifunga katika gunia ili vichomwe, ndipo mpwa wangu aliposema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nilichimba sita."

Tulihesabu tena. Vitano. Tulipekua kikapu, tukapekua taka, tukachungulia ndani ya sufuria, ambamo hamkuwa na kitu ila maji yanayochemka. Shemeji aliwasha tochi akaenda zizini kwa mbuzi. Bibi, ambaye hakuwa amesema neno toka turudi, alisimama akaita majina ya wajukuu wake mmoja mmoja, nao wakaja wakasimama mlangoni, ila mdogo wa wote, wa miaka minne, hakuja.

Tulimkuta nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Kile kiazi kilikuwa mkononi mwake, amekifunga uzi wa mpira ulioponyoka katika nguo kuukuu, mkono huu na mkono ule, naye alikuwa akijaribu kulenga embe bichi. Umbo lake, kwa kweli, lilikuwa manati kamili. Dada yangu alimpasua kinywa kwa vidole, akamulika kwa tochi, akanusa pumzi yake. Kisha tukakitazama kiazi pande zote mbili. Ngozi ilikuwa nzima, wala haikuwa na alama ya jino.

Mtoto alilia sana kwa kunyang'anywa manati yake. Tuliosha mikono yake kwa sabuni mara mbili, tukaosha na yetu, dada yangu akamwaga yale maji ya sufuria ingawa hayakuwa na neno, akateka mengine, na tukala viazi vikuu saa nne ya usiku.